Sitaha Ndiyo Iliyozizeesha: Kustaafu kwa Ndege za Kivita za Wanamaji

Tarehe 22 Septemba 2006, katika kambi ya Oceana, jimbo la Virginia, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliiaga rasmi ndege yake ya kivita ya F-14 Tomcat, iliyokuwa ikitumika melini tangu 1974. Ndege iliyoandaliwa kuruka mara ya mwisho mbele ya wageni ilipata hitilafu ikiwa bado ardhini, ikabidi ndege ya akiba ishike nafasi yake. Katika yote niliyosoma kuhusu siku ile, hilo ndilo ninaloliona kuwa na uzito zaidi, kwa sababu linaeleza lenyewe kwa nini sherehe ile ilihitajika. Tomcat haikuwa imeshindwa vitani. Iliondolewa kwa sababu kila saa moja iliyokaa angani ilidai saa nyingi mno za mafundi, na deni hilo lilizidi kukua mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa nafuu kuipumzisha kuliko kuendelea kuihudumia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kigoma, na kwa miaka mingi nimefuatilia habari za ndege za kivita zinazorukia na kutua juu ya meli. Wengi wanaopenda habari hizi huvutwa na mapambano yake. Mimi navutwa na uzee wake: namna zinavyochakaa, nani anaamua kwamba sasa basi, na kinachofanyika kwa mwili wa chombo baada ya uamuzi huo. Katika maswali hayo matatu, mawili ya kwanza yana majibu ya hesabu, na sina ugomvi nayo. La tatu ni la hiari ya binadamu, na hapo ndipo nina neno la kusema.

Kigoma iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, lakini ndege za wanamaji zilifika hapa mapema kuliko zilivyofika sehemu nyingi za dunia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza wakaleta ndege za kutua majini ili kuitafuta. Ndege zile za mbao na kitambaa zilishindwa na hali ya hewa yetu kabla ya kushindwa na adui: joto na unyevu viliachanisha gundi, mbao zikajipinda, na injini zikakosa nguvu ya kuinua mzigo wake. Walilazimika kuleta nyingine, na nyingine tena, hadi Julai 1915 meli za Kiingereza zilipoiangamiza Königsberg kwa mizinga iliyokuwa ikielekezwa na waangalizi walioko angani. Wajerumani waliokoa mizinga ya manowari hiyo, na mmoja wa milimita 105 ukasafirishwa kwa reli hadi hapa Kigoma, ukafungwa juu ya meli ya Graf von Goetzen, iliyokuwa ikitawala Ziwa Tanganyika.

Mwaka uliofuata ndege zikaifuata meli hiyo. Zilikuwa ndege za kutua majini aina ya Short 827, ambazo Uingereza iliwapa Wabelgiji kutoka katika akiba ya wanamaji wake. Zilisafirishwa zikiwa ndani ya makasha hadi ng'ambo ya ziwa, zikaunganishwa huko, na Juni 1916 zikaanza kuidondoshea mabomu bandari ya Kigoma. Mwezi uliofuata, reli ikiwa karibu kukatwa, Wajerumani waliizamisha Goetzen kwa mikono yao wenyewe. Kabla ya kuizamisha walipaka mitambo yake grisi nzito, wakitarajia kwamba siku moja itaibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtu wa mwambao huu analijua kwa sababu meli hiyo imebeba wazazi wetu, mizigo yetu na dagaa wetu kwa vizazi kadhaa.

Naomba msomaji aishike habari ya grisi hiyo, kwa sababu nitaihitaji mbele.

Sasa niingie katika jambo lenyewe la uzee. Ndege ya kivita ya jeshi la anga hutua kwenye barabara yenye kilomita mbili na zaidi, na sekunde za mwisho rubani huinua pua kidogo ili magurudumu yaguse lami kwa upole. Ndege ya wanamaji haina nafasi hiyo. Sehemu ya kutulia juu ya meli kubwa za kubeba ndege haizidi mita 250 hivi, na meli yenyewe inasonga mbele huku ikiinuka na kushuka na mawimbi. Rubani hushuka kwa mteremko uleule bila kuulegeza mpaka magurudumu yaipige sitaha. Kulabu iliyo chini ya mkia inatakiwa kudaka mojawapo ya waya nene zilizotandazwa kwa kukingama sitaha, na ikidaka, chombo cha tani zaidi ya ishirini kilichokuwa na kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa husimama ndani ya takribani mita mia moja. Mara tu magurudumu yanapogusa, rubani huzitia injini nguvu zote badala ya kuzipunguza, kwa sababu kulabu ikikosa waya hana njia nyingine ila kuruka tena kabla sitaha haijaisha. Kupaa nako ni mateso ya namna nyingine: manati ya mvuke hulishika gurudumu la mbele na kuitupa ndege kutoka kusimama hadi kasi ya karibu kilomita 250 kwa saa kwa muda wa sekunde mbili hivi.

Hebu tufikirie maana yake kwa metali. Ukikunja waya wa uzio na kuukunjua, kisha ukaukunja tena, haukatiki kwa mkunjo wa kwanza wala wa tano, lakini kila mkunjo unaacha jeraha dogo ndani yake, na siku unapokatika, unakatika kwa nguvu ndogo kuliko uliyotumia mwanzoni. Mbavu za ndege ya wanamaji, mashina ya magurudumu yake na mzizi wa kulabu hupitia hali hiyo kila safari. Kwa sababu hiyo umri wake hauhesabiwi kwa miaka peke yake. F/A-18 Hornet za mwanzo zilisanifiwa kwa saa 6,000 za kuruka, na pia kwa idadi maalumu ya kurushwa na manati na kudakwa na waya, takribani 2,000. Ndege mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kuwa na umri tofauti kabisa, moja ikiwa bado na nguvu na nyingine ikiwa imekwisha, kutegemea kila moja imetua sitahani mara ngapi.

Kisha kuna chumvi. Ndege hulala nje juu ya sitaha, hunyeshewa maji ya bahari yaliyopeperushwa na upepo, na chumvi hujipenyeza kwenye kila kiungio ambapo alumini inakutana na chuma. Hapo kutu ya alumini, ambayo ni unga mweupe, huanza kula taratibu chini ya rangi. Mafundi huziosha kwa maji baridi, huzipaka dawa, hukwangua na kupaka rangi upya, na kazi hiyo haina mwisho maadamu meli iko baharini. Mwanajeshi kijana anayepelekwa kwenye meli ya kubeba ndege akidhani atashinda akishughulika na makombora hujikuta akitumia sehemu kubwa ya siku zake na brashi na kitambaa.

Ufa wenyewe nimeuona kwa macho yangu, ingawa si katika ndege. Kuna mzee mmoja, fundi mstaafu wa meli, ambaye bado hutengeneza injini za maboti ya wavuvi karibu na mwalo wa Kibirizi. Nilimkuta ameshika kipande cha chuma kinachofunga injini kwenye tezi, sehemu ya nyuma ya boti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Njoo utazame hiki. Unaona nini?"

Sikuona chochote. Kilikuwa safi, kimekwisha kupigwa msasa. Mzee akakipaka mafuta ya taa, akakifuta mpaka kikakauka, kisha akasugua chaki juu yake na kuweka chini. Baada ya muda mfupi, kutoka kwenye tundu la bolti, mstari mwembamba mweusi ulianza kujichora wenyewe juu ya weupe wa chaki, ukapinda kidogo na kukaribia ukingo. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka.

"Huyu mwenye boti anasema injini ni mpya, ya mwaka jana," mzee akasema. "Mwaka jana kitu gani? Muulize imekwenda ziwani mara ngapi, na ziwa likiwa na hali gani."

Mafundi wa ndege hufanya jambo hilohilo kwa rangi maalumu na taa ya mionzi ya urujuanimno, na wana vifaa vingine vinavyopeleleza kwa mawimbi ya sauti na umeme, lakini kanuni ni ileile ya chaki na mafuta ya taa. Ufa huanzia kwenye tundu au kona, mahali ambapo nguvu hujikusanya. Ukishaanza, swali linalobaki ni lini.

Nikiitazama Tomcat kwa macho hayo, naona chombo kilichobeba mzigo wa uzee tangu siku ya kuzaliwa. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1970, kazi ya kampuni ya Grumman, na ilibuniwa kwa hofu moja mahususi: kwamba ndege kubwa za Kisovyeti zingerusha makombora kutoka mbali na kuzamisha meli za kubeba ndege. Ili kuzuia hilo, ilihitaji kukaa angani muda mrefu mbali na meli, kisha kukimbia kwa kasi kubwa sana, na bado iweze kurudi na kutua polepole. Mahitaji hayo hayapatani. Grumman waliyapatanisha kwa mabawa yanayosogea, kutoka nyuzi 20 yakiwa yametanuliwa hadi nyuzi 68 yakiwa yamerudishwa nyuma, na uti wa katikati unaobeba egemeo za mabawa hayo ulitengenezwa kwa titani iliyounganishwa kwa miale ya elektroni ndani ya ombwe. Rada yake iliweza kufuatilia shabaha 24 kwa wakati mmoja, na makombora yake sita ya Phoenix yaliweza kurushwa kwa shabaha sita tofauti zilizo umbali wa zaidi ya kilomita 100. Kwa mwaka 1974 huo ulikuwa uwezo wa ajabu, na sioni aibu kusema kwamba ninaipenda ndege ile.

Lakini kila uwezo ulikuja na mtambo wake, na kila mtambo na fundi wake. Egemeo za mabawa, pampu za haidroliki, waya za umeme zilizozeeka ndani ya mbavu: inasemwa kwa kawaida kwamba miaka ya mwisho Tomcat ilidai kati ya saa 40 na 60 za ufundi kwa kila saa moja ya kuruka, ilhali F/A-18E/F Super Hornet iliyochukua nafasi yake ilihitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Injini za awali za TF30 nazo zilikuwa na udhaifu wa kuzima au kupoteza nguvu pale hewa inapoingia kwa mkao mbaya. Oktoba 1994, Luteni Kara Hultgreen, mmoja wa wanawake wa kwanza kuruka ndege za kivita kutoka kwenye meli za Marekani, alifariki alipokuwa akikaribia kutua juu ya USS Abraham Lincoln baada ya injini ya kushoto kupoteza nguvu. Toleo za baadaye zilipewa injini bora za F110, lakini ndege nyingi za zamani ziliendelea kuruka na zile za kwanza karibu mpaka mwisho.

Na hofu iliyoizaa ilikuwa imekwisha. Umoja wa Kisovyeti ulisambaratika mwaka 1991, na ndege iliyojengwa kuzuia kundi la ndege kubwa juu ya bahari ya Atlantiki ikabaki inatafuta kazi. Ilipata kazi: ilifungwa vifaa vya kuelekeza mabomu, ikatumika Balkani, Afghanistan na Iraq, na safari yake ya mwisho ya kivita ilikuwa Februari 2006 juu ya Iraq. Kwa hiyo hata siwezi kusema ilistaafu bila heshima. Ilifanya kazi hadi miezi michache kabla ya kuagwa.

Kilichofuata ndicho kinachonihuzunisha. Kati ya Tomcat 712 zilizotengenezwa, 79 zilifikishwa Iran wakati wa utawala wa Shah, kabla ya mapinduzi ya 1979. Marekani ilikata vipuri, na wengi walidhani ndege zile zingekufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hazikufa. Mafundi wa Iran walizing'oa baadhi ili nyingine ziishi, wakatengeneza vipuri vyao, na zikapigana vita vyote vya miaka minane na Iraq kuanzia 1980. Zilikuwa bado zipo Juni 2025, Israel ilipotoa picha za video za mashambulizi yake dhidi ya F-14 zilizokuwa zimeegeshwa katika uwanja wa Tehran. Kwa sababu ya hofu kwamba vipuri vya ndege zilizostaafu vingepenya hadi Iran, Marekani ilianza mwaka 2007 kuzikatakata na kuzisaga Tomcat zake. Mashine zenye meno makubwa zilizitafuna mbavu na mabawa, pamoja na ule uti wa titani ambao watu walikuwa wameuhangaikia kwa miaka. Chache ziliponea katika makumbusho na kwenye malango ya kambi, zikiwa zimetolewa vitu vingi vya ndani.

Ninaelewa sababu iliyotolewa, na sisemi ilikuwa ya uongo. Lakini kati ya kuuza vipuri ovyo na kusaga kila kitu palikuwa na nafasi pana, na ninaamini nafasi hiyo haikutumiwa ipasavyo. Kufungia ndege mahali salama ni jambo ambalo Marekani yenyewe inalijua kuliko nchi nyingine yoyote. Karibu na Tucson, Arizona, katika kambi ya Davis-Monthan, zimeegeshwa ndege zaidi ya 3,000, kwa sababu hewa ya pale ni kavu na ardhi ni ngumu kiasi kwamba hata bila sakafu ndege haizami. Ndege ikifika, huoshwa chumvi, mafuta hutolewa na mabomba kusukumiwa mafuta mepesi ya kulinda, kisha madirisha na matundu hufunikwa kwa utando mweupe unaozuia vumbi na jua. Nikisoma maelezo ya kazi hiyo huwa nawakumbuka wale mafundi wa Kijerumani na grisi yao, wakilinda mitambo ya meli ambayo baadaye waliipeleka chini ya maji. Walikuwa wanashindwa vita, adui yuko mlangoni, na bado walipata muda wa kupaka grisi.

Nchi nyingine zimefanya vizuri au vibaya kwa namna zao. Ufaransa ilizitumia F-8 Crusader zake tangu 1964 hadi Desemba 1999, muda ambao ndege chache sana za sitahani zimeufikia, na Super Étendard zake zikafuata kwa kustaafu Julai 2016. Argentina, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Sheffield kwa Super Étendard na kombora la Exocet mwaka 1982, ilinunua tano zaidi zilizotumika kutoka Ufaransa miaka ya karibuni, lakini zikakwama kwa kukosa vifaa vya viti vya kujiokolea rubani, ambavyo asili yake ni Uingereza. Ni funzo lilelile la Iran likiwa limegeuzwa: uhai wa ndege ya zamani uko mkononi mwa yule mwenye vipuri, na nchi inayonunua chombo kilichochoka inapaswa kuuliza habari za vipuri kabla ya kuuliza bei. Marekani ilizamisha mabodi ya ndege kadhaa za mashambulizi za A-6 Intruder pwani ya Florida miaka ya tisini ili yawe makazi ya samaki. Mimi niliyekulia kwenye ziwa siwezi kulilaumu jambo hilo; samaki nao wana haki yao, na mvuvi pia.

Habari ya Sea Harrier inanigusa kwa namna nyingine. Hii ilikuwa ndege isiyohitaji manati wala waya, kwa kuwa ilielekeza moshi wa injini yake chini kupitia midomo minne na kuweza kushuka wima. Katika vita vya Falkland mwaka 1982 iliangusha ndege 20 za Argentina bila kuangushwa hata moja katika mapambano ya angani. Uingereza iliistaafisha Machi 2006, mwaka uleule wa Tomcat, na baada ya ndege nyingine za aina ya Harrier kuifuata mwishoni mwa 2010, taifa hilo lililokuwa miongoni mwa waliotangulia kutumia ndege za sitahani likabaki kwa miaka kadhaa halina ndege ya kivita ya mabawa yasiyozunguka juu ya meli zake. India iliendelea na zake hadi 2016. Meli yao Viraat, ambayo ndiyo iliyokuwa Hermes ya Waingereza na iliyoongoza kikosi cha Falkland, iliondolewa kazini mwaka 2017. Watu walijitahidi iwe makumbusho, jitihada zikashindikana, na mwaka 2020 ilipelekwa Alang, kwenye ufuo ambako meli kuukuu za dunia hukatwa vipande. Hermes ilikuwa imezinduliwa rasmi kwa kazi mwaka 1959. Meli iliyofanya kazi karibu miaka sitini chini ya bendera mbili haikupata mahali pa kuegeshwa.

Kwa upande mwingine, ndege ya jeti ya kwanza kabisa kutua juu ya meli ipo hadi leo. Ni Sea Vampire ambayo rubani wa majaribio Mwingereza, Eric Brown, aliitua juu ya HMS Ocean tarehe 3 Desemba 1945, na imehifadhiwa katika makumbusho ya Yeovilton, Uingereza. Brown huyo alitua sitahani mara 2,407 katika maisha yake, na nimeshawahi kuwaambia wanafunzi wangu waizidishe idadi hiyo na nguvu ya mtuo mmoja ili waone mwili wa mtu nao ulivumilia nini. Kutokana na majaribio ya miaka ile Waingereza walileta mambo matatu ambayo bila hayo jeti nzito zisingeweza kuishi baharini: sitaha iliyopinda kwa pembe, ili ndege iliyokosa waya ipae tena bila kugonga zilizoegeshwa mbele, manati ya mvuke, na kioo cha kumwongozea rubani mteremko. Marekani, Ufaransa, India na Brazil wote walijenga juu ya hayo. Urithi mkubwa wa ndege zilizostaafu uko pale, katika umbo la sitaha na katika mazoea ya watu wanaofanya kazi juu yake, wakiwemo wale wa Super Hornet ambazo sasa zenyewe zimezeeka. Hizi nazo zilianza na saa 6,000, na nyingi zinarudishwa kiwandani ili zifikishwe 10,000, kwa kufunguliwa, kukaguliwa ufa baada ya ufa na kubadilishwa vilivyoliwa na chumvi.

Lakini mazoea na michoro havimtoshi kijana anayetaka kujifunza. Hapa Kigoma nimewahi kuwachukua wanafunzi bandarini kuiona Liemba, na najua kilichotokea mtoto alipoweka kiganja kwenye mstari wa ribiti za meli hiyo, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na kuuliza kwa nini zimepangwa kwa ukaribu ule karibu na mlango na kwa nafasi kubwa mbali nao. Swali lile lilikuwa ni somo zima la nguvu zinavyojikusanya kwenye kona, na hakuna picha niliyowahi kuichora ubaoni iliyolitoa. Lilitoka kwa sababu meli ipo, nzima, na kwa sababu kuna watu zaidi ya miaka mia iliyopita waliojali kupaka grisi na wengine waliojali kuibua. Ningetaka kijana wa Virginia, wa Goa nchini India au wa Brittany nchini Ufaransa apate nafasi hiyohiyo mbele ya egemeo la bawa la Tomcat au shina la gurudumu la Crusader, likiwa na nyufa zake na alama za mafundi walioziba.

Kwa hiyo Super Hornet zitakapofikia mwisho wake, ombi langu ni kwamba kila toleo lihifadhiwe walau ndege kadhaa zikiwa kamili, na injini yake ndani, na kitabu chake cha matengenezo kando yake, maana kitabu hicho ndicho kinachosimulia ndege ilitua mara ngapi na ufa wa kwanza ulionekana wapi. Siri za rada na makombora zinaweza kutolewa bila kuung'oa uti.

Msomaji wa Kitanzania atakayepata safari ya India, kwa masomo, matibabu au biashara, anaweza kufika Goa, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, ambako Jeshi la Wanamaji la India lina makumbusho ya ndege karibu na uwanja wa Dabolim. Pale kuna Sea Hawk, jeti ya miaka ya hamsini iliyorushwa kutoka kwenye meli ya Vikrant, na kuna Sea Harrier. Aanze na Sea Hawk: ainame atazame kulabu chini ya mkia, kisha bawaba za mabawa yanayokunjwa, kisha unene wa miguu yake ukilinganishwa na wembamba wa mwili. Halafu aende kwenye Sea Harrier, atafute kulabu hiyo asiione, na badala yake ahesabu midomo minne ya injini ubavuni.